Umeambiwa una weupe kwenye mlango wa kizazi: maswali ya wasomaji

Barua nyingi tulizopokea zinafanana. Mwanamke amepimwa saratani ya mlango wa kizazi, ameambiwa jibu si zuri, kisha amerudi nyumbani bila kujua hatua inayofuata. Tumechagua sita.

Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Morogoro. Kituo cha afya walitangaza upimaji wa bure, nikapakwa siki, nesi akaniambia nina weupe na wanaweza kunitibu palepale. Nikaogopa, nikasema nitarudi kesho. Sijarudi mpaka leo na usiku sipati usingizi. Je, ndiyo saratani yenyewe?

Marahaba, mama. Weupe si jina la saratani. Mtoa huduma akishaweka spekulamu, kifaa cha kupanua uke, hupaka mlango wa kizazi siki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba, anasubiri dakika moja, kisha anatazama kwa taa. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, na akiona weupe mzito wenye kingo zinazoonekana vizuri anaandika kwamba kipimo ni chanya. Siki hushika hata baadhi ya wasio na tatizo, kwa mfano mwenye uvimbe wa maambukizi ya kawaida au ngozi laini inayojijenga upya.

Wewe mwenyewe umeandika jambo linalotupa moyo: walitaka kukutibu palepale. Mahali panaposhukiwa kuwa na saratani hapatibiwi kwa kifaa cha kituo cha afya cha kuchoma au kugandisha weupe hata siku moja. Nesi angeona uvimbe, kidonda au damu inayochuruzika pakiguswa, angekuandikia rufaa ukachukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Tiba ya palepale hutolewa pale tu weupe wote unapoonekana, haujaingia ndani ya njia ya kizazi, haujafunika zaidi ya robo tatu ya mlango, na mwanamke hana mimba.

Hata hivyo, usikae. Mabadiliko haya huletwa na virusi vya HPV vinavyong'ang'ania mwilini, na kwa mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20 kufika saratani. Mengine hupotea yenyewe. Mengine hayapotei: huko New Zealand walifuatiliwa wanawake waliokuwa na mabadiliko ya daraja la juu kabisa ambao hawakutibiwa ipasavyo, na ndani ya miaka 30 karibu 31 kati ya kila 100 walipata saratani. Kwa macho hakuna anayeweza kukwambia lako ni lipi, na tiba yake ni ya dakika chache. Ndiyo maana tunakusihi urudi.

Kabla ya kwenda, piga simu au mtume mtu aulize kama kifaa kipo na mtaalamu aliyefunzwa yupo siku gani. Hapa ndipo wengi wanapokwama: siku ya kampeni kifaa kilikuja na timu ya mkoa, kikaondoka nayo, au gesi imekwisha. Ukiambiwa hakipo, usikubali "njoo siku nyingine" isiyo na tarehe. Omba rufaa iliyoandikwa ya kituo chenye huduma. Nenda ukiwa huna hedhi, usiwe umeingiza kitu chochote ukeni kwa siku mbili, kojoa kabla ya kulala kitandani, na beba khanga na pedi. Kadi uliyopewa siku ya kupimwa usiiache.

Mimi ni wa Tanga. Nimetibiwa kwa kile kifaa cha joto siku nane zilizopita na maji yanatoka mfululizo. Ninajisafisha ndani kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Nesi alisema tusikutane kimwili kwa wiki nne. Mume wangu ameanza kununa, anasema nesi alitia chumvi. Je, kusubiri wiki mbili kunatosha?

Dada, hayo maji ya chumvi yaache leo hii. Ncha ya kifaa ilifika nyuzi joto 100 au zaidi na ilikaa kwenye mlango wa kizazi kwa nusu dakika hivi. Pale sasa pana kidonda cha kuungua, na maji unayoyaona ndiyo kidonda kinavyojisafisha chenyewe. Ukisukuma maji ndani unapeleka vijidudu juu kwenye kizazi, na unaweza kuamsha damu iliyokwisha kukauka. Oga kama kawaida, osha nje tu, vaa pedi na uibadilishe kila inapolowa. Pamba za kuingiza ndani hazifai kipindi hiki. Vitambaa vya kufua havina ubaya vikianikwa juani vikakauka kabisa.

Majimaji meupe au yenye rangi ya waridi hafifu huendelea wiki mbili hadi nne, na huwa mengi zaidi kwa waliofanyiwa tiba mgando ya gesi baridi. Maumivu kama ya hedhi siku za mwanzo ni ya kawaida, parasetamoli inatosha. Yafuatayo si ya kawaida, na likitokea lolote rudi kituoni siku hiyohiyo: homa, maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wenye harufu mbaya au unaofanana na usaha, damu inayozidi siku yako nzito kabisa ya hedhi, au mabonge ya damu.

Wiki mbili hazitoshi. Ni wiki nne bila tendo la ndoa, na nesi hakutia chumvi. Kidonda kibichi ni mlango wazi kwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Na kama mwanamke ndiye anayeishi na VVU, kidonda hicho kinaweza kutoa virusi vingi zaidi kumfikia mume. Hoja hii ya pili waume wengi huielewa haraka, maana inawagusa wao. Mwombe nesi amweleze uso kwa uso, au mpe kadi asome tarehe. Kama nyumbani kukataa kunakuletea hatari, kondomu kila mara bila kukosa. Si sawa na kusubiri, lakini inapunguza madhara.

Baada ya hapo, usirudi kupimwa kabla ya wakati. Ukipakwa siki mwezi wa tatu, ngozi mpya inaweza kuonekana nyeupe na utatibiwa bila sababu. Rudi baada ya miezi 12. Katika kila wanawake 10 waliotibiwa vizuri, zaidi ya 8 hupona kwa tiba moja. Waliobaki ndio wanaokamatwa na kipimo hicho cha mwaka, na wasiporudi hakuna atakayewajua.

Hamjambo. Niko Mombasa. Nilijipima mwenyewe kwa kijiti cha kuchukulia sampuli ukeni, nikaletewa jibu kwamba nina HPV, lakini kwa siki sikuonekana na kitu. Nina mume mmoja tu kwa miaka 11. Ina maana ameniletea kutoka nje? Naye anywe dawa gani?

Hatujambo, mama. Kipimo hiki hakina tarehe. HPV hupita kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri na inaweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana, kwa hiyo inaweza kuwa yake, yako, au ya kabla hamjajuana. Wanawake wengi huipata wakati fulani maishani, na kwa walio wengi kinga ya mwili huizima ndani ya miaka miwili. Usivunje nyumba kwa karatasi hii.

Dawa ya kuua virusi hivi haipo, kwako wala kwake, na wanaume hawana kipimo cha HPV kinachotumika kwa kawaida. Anayekuuzia vidonge vya "kusafisha HPV" anakula pesa yako. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mwenye HPV asiye na weupe hurudia kipimo cha HPV baada ya miezi 24. Anayeishi na VVU, baada ya miezi 12. Vituo vingine huamua kumtibu kila mwenye HPV bila kusubiri, nao hawajakosea.

Kama una binti, chanjo ni yake kabla hajaanza kujamiiana. Haitibu virusi vilivyokwisha kuingia.

Ninatumia ARV, nachukulia dawa Mbeya. Nilifanyiwa tiba mgando mwaka jana. Nirudi lini?

Ukifikisha miezi 12 tangu tiba, kisha tena baada ya miezi 12 mingine. Vipimo vyote viwili vikiwa safi, utaendelea kila miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha HPV, au kila miaka 3 kwa siki. CTC yako, yaani kliniki ya VVU, ikitaka mara nyingi zaidi, wafuate. Hatari ya saratani hii kwa anayeishi na VVU ni kama mara sita ya mwingine, na weupe hurudi kirahisi zaidi. Waombe tarehe hiyo waiweke siku yako ya kuchukua dawa ili usipange foleni mara mbili.

Nina miaka 29, sijazaa. Mwanza walinikata kwa LEEP. Jibu la maabara linasema CIN 3 na kwamba kingo za kinyama zina mabadiliko. Nimeanza kulia kizazi changu. Tena natokwa na uchafu mweusi kama chicha za kahawa.

Mdogo wetu, kizazi chako kipo. Katika LEEP unachomwa sindano ya ganzi, kisha waya mwembamba wenye umeme hukata kipande kidogo cha mlango wa kizazi, kwa kawaida kina cha sentimita moja hivi. Mfuko wa uzazi, mirija na mayai havikuguswa. Kushika mimba hubaki kama zamani. Kinachoongezeka kidogo ni uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, hasa kama kipande kilikwenda ndani sana au umekatwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukishika mimba, kitu cha kwanza kusema kliniki siku ya kwanza ni kwamba ulifanyiwa LEEP.

CIN 3 ni daraja la juu la mabadiliko, bado si saratani. Kingo zenye mabadiliko maana yake huenda kipande hakikubeba seli zote. Mara nyingi kilichobaki hufa kidonda kinapopona, ndiyo maana kwa umri wako madaktari wengi hawakimbilii kukata tena. Wanafuatilia kwa karibu. Muulize daktari maswali mawili: kingo zipi, za nje au za ndani ya njia ya kizazi? Na nirudi lini, kwa kipimo gani? Kingo za ndani zinahitaji umakini zaidi kwa sababu hazionekani kwa siki. Karatasi ya maabara itoe nakala, picha yake iwe kwenye simu.

Ule uchafu mweusi kama chicha za kahawa unaotajwa mwishoni mwa barua yako ni mabaki ya dawa ya kuzuia damu waliyokupaka. Unaisha wenyewe.

Mama yangu ana miaka 57. Amekwenda kupima, wakamwambia siki haimfai. Wamemfukuza?

Hawakumfukuza. Hedhi ikishakoma, sehemu inayopaswa kutazamwa huingia ndani ya njia ya kizazi, na siki inaweza kuonyesha salama ya uongo. Apimwe HPV au kipimo cha Pap, cha kutazama seli za mlango wa kizazi kwa hadubini, katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Lakini kama anatoka damu, hata tone baada ya tendo la ndoa, au maji yenye harufu, asipange foleni ya upimaji. Aende moja kwa moja hospitali yenye daktari wa magonjwa ya wanawake, aseme neno "damu" mapokezi, na asiondoke kabla hajachunguzwa na kuambiwa kama anahitaji kuchukuliwa kinyama.