Kufunga mji: kunazuia ugonjwa au kunauchelewesha tu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma diploma ya afya ya jamii, na darasani tumebishana kuhusu lokidauni. Nairobi na Mombasa zilifungwa Aprili 2020, lakini wagonjwa wa korona waliendelea kuongezeka, na zilipofunguliwa Julai wakaongezeka zaidi. Mwenzangu anasema huo ni ushahidi kwamba kufunga mji hakusaidii kitu. Mbona basi Uganda walifunga wilaya za Mubende na Kassanda mwaka 2022 kwa sababu ya Ebola, na ugonjwa ukaisha? Na athari yenyewe inakokotolewaje?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ametazama idadi ya wagonjwa waliotangazwa, na hapo ndipo alipoteleza. Amri ya kufunga mji haigusi idadi hiyo moja kwa moja. Inagusa idadi ya watu ambao kila mmoja wetu anakutana nao kwa siku, na mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Kasi ya ugonjwa hupimwa kwa R, yaani wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. Ikizidi 1 ugonjwa unakua, ikishuka chini ya 1 unafifia. R hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: watu ambao mgonjwa anakutana nao kwa siku, uwezekano wa kuambukiza kila wanapokutana, na siku ambazo anaambukiza. Barakoa na dirisha lililo wazi hupunguza cha pili. Kumtenga mgonjwa mapema hufupisha cha tatu. Kufunga mji kunashughulika na cha kwanza peke yake.

Chukua Uingereza, ambako hesabu ziliwekwa vizuri. Uchunguzi wa mwaka 2005 na 2006 ulionyesha kwamba mtu wa huko alikutana na watu 10.8 kwa siku kwa wastani. Amri ya kubaki nyumbani ilitolewa tarehe 23 Machi 2020, na siku chache baadaye watafiti walipouliza tena wakapata 2.8. Tukianza na R ya 2.6, zidisha kwa 2.8, gawanya kwa 10.8: unapata takribani 0.67. Watafiti wenyewe, waliozingatia umri wa wanaokutana, walipata 0.62. Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwenye simu yako.

Ukitaka kujua ni kiasi gani cha kukutana kinapaswa kukatwa ili ugonjwa usimame, gawanya 1 kwa R, kisha toa jibu hilo kutoka kwenye 1. Kwa R ya 2.5 ni 60%. Kwa R ya 6 ni 83%. Kwa surua, ambayo R yake huwekwa kati ya 12 na 18, ni zaidi ya 90%, kiwango ambacho hakuna mji unaoweza kukivumilia. Ndiyo maana surua tunaikabili kwa chanjo na si kwa kufunga barabara.

Sasa jambo ambalo naona vitabu vingi hulipita haraka mno. Ugonjwa unapanda upesi na kushuka polepole. Tuseme kati ya mgonjwa mmoja na anayemwambukiza hupita siku 5. Kwa R ya 2.6, wagonjwa wapya 10 wanafika 1,000 kwa siku 24 hivi. Funga mji, R iwe 0.67, kisha hesabu muda wa kurudi kutoka 1,000 hadi 10: ni takribani siku 57. Kila wiki ya kusitasita mwanzoni inalipwa kwa zaidi ya wiki mbili za kufungiwa. Na ukifunga nusunusu, kukutana kukapungua kwa 50% tu, R inabaki 1.3 na wagonjwa wanaongezeka maradufu kila baada ya siku 13. Maduka yamefungwa, vibarua wamekosa kazi, na bado ugonjwa unakua. Kwangu mimi hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyotokea mara nyingi.

Hata amri ikifanya kazi sawasawa, matokeo hayaonekani kesho yake. Aliyeambukizwa jana atapata dalili baada ya siku 5 hivi, atapimwa siku kadhaa baadaye, na akizidiwa ndipo atalazwa. Hospitali za England zilifikia kilele cha vifo vya wimbi la kwanza tarehe 8 Aprili, siku ya 16 baada ya amri. Ukiihukumu amri kwa takwimu za wiki mbili za kwanza, unahukumu maambukizi yaliyotokea kabla yake.

Kwa Kenya kuna tatizo jingine: idadi iliyotangazwa ilifuata upimaji. Damu ya wachangiaji iliyokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 ilipochunguzwa kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha kwenye damu baada ya kupambana na kirusi, ilikadiriwa kwamba takribani 4.3% walikuwa wameshaambukizwa, na Nairobi na Mombasa ilikuwa kati ya 7% na 8%. Katika nchi ya watu karibu milioni 50, hapo unazungumzia mamia ya maelfu kwa uchache, ilhali waliothibitishwa kufikia mwisho wa Juni walikuwa kama 6,000. Mstari uliopanda kwenye gazeti ulionyesha kwa sehemu kubwa maabara zikiongeza kasi. (Kuilinganisha Kenya na Tanzania, kama wengi wanavyopenda, hakutakusaidia: takwimu za Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 mwaka huohuo wa 2020.)

Hata hivyo mwenzako ana hoja moja ya kweli. Amri ikipangwa vibaya inaweza kuwakusanya watu badala ya kuwatawanya. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu nchini Kenya, kuanzia saa 1 jioni. Kila mwenye kibarua kisiwani Mombasa alitaka kuvuka kivuko cha Likoni kabla ya saa hiyo. Umati ambao kwa kawaida huvuka kidogokidogo hadi usiku ukabanana bega kwa bega kwenye saa chache za alasiri, kisha polisi wakarusha mabomu ya machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Watu wakakohoa, wakafikicha macho, wakasukumana. Kafyu ilipunguza saa za kukutana bila kupunguza wanaokutana, na hilo si jambo moja. Tiba yake ni ya kiutawala: ongeza safari za kivuko, ruhusu waajiri wafunge kazi kwa zamu, na kafyu ianze baada ya wafanyakazi kufika nyumbani.

Kosa la pili ni kutangaza mapema bila kufunga. Usiku wa tarehe 7 Machi 2020 rasimu ya amri ya kufunga Lombardia huko Italia ilivuja, na watu wakakimbilia stesheni za Milan kupanda treni za kusini. Wuhan nako tangazo lilitoka usiku wa manane, mji ukafungwa saa 4 asubuhi ya 23 Januari, lakini kwa maelezo ya meya wake watu wapatao milioni 5 walikuwa wameshaondoka, wengi kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Ila kutotoa taarifa kabisa nako kuna gharama: India ilitoa muda wa saa nne tu wa kujiandaa tarehe 24 Machi, na vibarua wakabaki kutembea kwa miguu kurudi vijijini.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Amri haizuii kuambukizana ndani ya nyumba. Familia ya watu sita katika chumba kimoja itaendelea kupokezana kirusi kwa wiki mbili au tatu baada ya mtaa kutulia. Na wanaoishi hivyo ndio wasio na akiba. Uchunguzi wa Mei 2020 katika mitaa duni ya Nairobi ulionyesha kukutana kumepungua kwa zaidi ya 60%, jambo la kushangaza kwa kweli, lakini 86% walikuwa wamepoteza kipato chote au sehemu yake, na 74% walikuwa wakila kidogo au kuruka mlo kwa kukosa pesa. Hali hiyo haidumu miezi mitatu. Bila fedha au unga kufika mlangoni, R itapanda tena hata kama amri bado ipo.

Je, kunachelewesha tu? Ukifungua wakati 95% ya watu hawajaambukizwa wala kuchanjwa, R inarudi karibu ilikokuwa: 0.95 mara 2.6 ni 2.47. Kwa hiyo ndiyo, kwa korona kulichelewesha. Lakini aliyeepuka kuambukizwa Aprili 2020 alikutana na ugonjwa wakati madaktari wanajua kwamba dawa ya deksamethasoni inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni, matokeo yaliyotangazwa Juni mwaka huo. Aliyefika Machi 2021 bila kuambukizwa nchini Kenya alikuta shehena ya kwanza ya chanjo. Muda una thamani kama umetumika kuongeza mitungi ya oksijeni, vipimo na watumishi.

Ebola ni habari nyingine. Mtu haambukizi kabla ya kuonyesha dalili, tofauti na korona. Kwa hiyo silaha kuu ni kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, kumfuatilia kwa siku 21, na kuzika kwa usalama. Uganda ilitangaza mlipuko tarehe 20 Septemba 2022. Mubende na Kassanda zilifungwa 15 Oktoba na kufunguliwa 17 Desemba. Ugonjwa ulishafika Kampala hata hivyo. Jumla ilithibitishwa wagonjwa 142 na vifo 55, na mlipuko ukatangazwa kuisha 11 Januari 2023. Kufunga wilaya kuliwapa wafuatiliaji nafasi ya kuwapata watu kabla hawajatawanyika. Siwezi kukupa hesabu inayotenganisha mchango wa kufunga na ule wa wafuatiliaji. Vivyo hivyo Sierra Leone, ambako watu walibaki majumbani siku 3 tu, 19 hadi 21 Septemba 2014. Siku 3 haziwezi kukata mnyororo wa ugonjwa unaoweza kujificha siku 21. Zilikuwa siku za kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa.

Ukiwa kazini siku moja ukaulizwa wilaya ifungwe au la, anza na misamaha kabla ya vizuizi: mjamzito usiku wa manane, mgonjwa wa figo, anayechukua dawa za TB au ARV. Uganda mwaka 2020 safari ya gari binafsi kwenda hospitali ilihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wilayani, na ilibidi sharti hilo liondolewe baadaye kwa wajawazito. Wakati wa kufungua, ondoa zuio moja kwa wakati, subiri wiki mbili, tazama waliolazwa badala ya waliopimwa, ndipo uondoe la pili. Ukifungua masoko, shule na mabasi wiki moja, wagonjwa wakapanda, hutajua ufunge kipi.