Laki mbili ya vyombo vya kuanzia maisha Mbeya: mimi ningenunua hivi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unahama Dar kuja Mbeya kikazi, una jiko la gesi la plate mbili, una laki mbili ya vyombo, na dukani wamekuonyesha seti ya nonstiki ya vipande kumi na viwili inayomaliza hela yote. Unauliza uichukue au uiache.

Iache. Nilianza maisha na seti ya namna hiyo, na kabla ya mwaka kwisha ile rangi nyeusi ya ndani ilikuwa inabanduka na kuingia kwenye mayai. Ile rangi haipendi moto mkali, ikipita nyuzi 260 inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Frampeni tupu ikiachwa juu ya gesi kubwa inafika huko ndani ya dakika chache, wakati wewe bado unamenya kitunguu. Na katika vipande vile kumi na viwili, nilivyotumia kila siku vilikuwa vitatu.

Umesema unapika wali, maharage, ugali, mboga za majani, chapati Jumapili, na samaki wa nazi ukikumbuka nyumbani. Basi nunua vyombo vya hivyo vyakula. Mimi ni wa Tanga, huu ni mwaka wa 11 napika Mbeya, na chombo kilichonifanya niuzoee huu mji ni sufuria ya presha.

Nilipofika hapa nilidhani nimeuziwa maharage mabovu. Nayachemsha asubuhi mpaka saa sita, bado yanagonga meno. Nikabadilisha muuzaji, hali ikawa ile ile. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kinyakyusa, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, huku maji yanachemka mapema lakini hayana moto." Alikuwa sahihi kabisa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ukiongeza gesi, yatatokota kwa kelele na kukauka upesi, lakini joto lake halipandi. Presha inaufungia mvuke ndani, kwa hiyo maji yanapita nyuzi 110 kabla hayajachemka. Maharage niliyoloweka usiku yanaiva ndani ya nusu saa, na mtungi wa kilo 6 uliokuwa unaisha haraka sasa unavuka mwezi.

Chukua ya lita tano, inamtosha mtu mmoja na mgeni. Kabla hujalipa, fungua mfuniko uuangalie ule mpira wa duara: uwe laini, usiwe na ufa. Tazama tundu la mvuke kwenye mwanga, uone upande wa pili. Muulize muuzaji kama anauza mpira wa akiba wa saizi hiyo, na kama hana nenda duka lingine, maana mpira ndio unaotangulia kuchoka. Ukipika maharage usipite nusu ya sufuria, yanatoa povu na povu linaziba tundu. Tia kijiko cha mafuta kulipunguza. Ukizima moto, mvuke ushuke wenyewe. Kuna ndugu yangu aliulazimisha mfuniko kwa sababu ya haraka, supu ikamrukia mkononi, na kovu analo mpaka leo. Tafadhali hilo ulishike.

Sufuria nunua mbili tu, kubwa na ya kati. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, ukibonyea ni bati jepesi, litaunguza wali chini na juu ubaki na kiini. Mfuniko uwe bapa na ukae sawasawa. Kwetu Tanga wali unapaliwa makaa juu ya mfuniko, na wewe wa gesi hutakuwa nayo. Mimi maji yakikaribia kukauka nafunika wali kwa jani la mgomba, naweka mfuniko juu, nashusha moto mpaka mwisho. Migomba huku haina shida. Nakuomba usiweke mfuko wa nailoni kama wengi wanavyofanya, plastiki ya mfukoni haikutengenezwa kwa joto la chakula. Na mchele wa Kyela ukipikwa chini ya jani la mgomba, harufu yake inafika kwa jirani.

Sasa chungu. Najua utasema kina kazi gani kwenye gesi, lakini samaki wa nazi mwenye ukwaju au ndimu usimlaze kwenye sufuria ya alumini. Uchachu unaila ile alumini, sufuria inabadilika rangi na vishimo vinatokea, na mchuzi wenyewe unakuwa na ladha ya bati. Chungu hakina tatizo hilo, na kikishapata moto kinakaa nao. Mchuzi unaendelea kutokota taratibu hata ukiwa umezima jiko.

Na unakuja mahali penyewe pa vyungu. Wanawake wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga pale Ikombe, vinavushwa kwa mitumbwi mpaka Matema, halafu vinapandishwa Kyela, Tukuyu na huku mjini. Ni vyepesi, kuta nyembamba, vimelainishwa vizuri. Ukinunua, kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Usikipikie siku hiyo hiyo. Kiloweke maji usiku kucha, kesho yake pika uji mwepesi au maji ya mchele kwa moto mdogo sana kwa saa nzima, kisha kiache kipoe chenyewe. Ule wanga unaziba vinyweleo. Kila unapokitumia anza na moto mdogo, na usimimine maji baridi kikiwa cha moto. Changu cha kwanza kilipasuka kwa kosa hilo moja, mchuzi wote ukazima jiko. Cha pili kina miaka saba.

Ukishakuwa na chungu utataka mbuzi wa kukunia nazi. Nimesikia hoja kwamba blenda inatosha, na blenda ninayo, naitumia kwa juisi na nyanya. Lakini kwa nazi naona tofauti. Mbuzi anakuna nyama nyeupe peke yake, mkono wako unajua umefika kwenye ngozi ya kahawia na unageuza. Nazi ya blenda inasagwa pamoja na ile ngozi, tui linatoka na rangi ya vumbi na uchungu kidogo. Chagua mbuzi ambaye miguu yake haichezi ukikaa, na ulimi wake wa chuma una meno makali mpaka pembeni. Bila kifumbu, chujio la plastiki lenye matundu madogo litatosha.

Kuna jambo la Mbeya ambalo Dar hukulijua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huku mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi ya makoti mawili. Ukikamua kwa maji ya bombani mafuta yanabaki kwenye machicha, unapata tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele, unailaumu nazi. Tumia maji ya uvuguvugu, ukande kwa muda, kasimile, yaani tui la kwanza, itatoka nzito kama ya kwetu. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa natumia nazi tatu kwenye chakula cha nazi mbili kwa kutokulijua hili.

Vingine sina maneno mengi. Chuma cha chapati kiwe kizito, ndicho kitakuwa frampeni yako ya mayai pia. Kipake mafuta kikiwa bado na joto baada ya kuosha, kisipate kutu. Kisu kimoja kizuri kinatosha. Kikiwa butu, geuza kikombe cha udongo juu chini, ile duara ya kitako isiyo na rangi inanoa vizuri kama jiwe. Mwiko wa ugali chagua wa mti mgumu wenye mpini mrefu, uukunje kwa nguvu kuujaribu kabla hujalipa. Upawa, kibao cha chapati na msukumio utavipata sokoni kwa hela ndogo, na kinu kidogo cha kitunguu saumu kinaweza kusubiri mshahara wa kwanza.

Mbuzi nunua huko huko Dar, zipo nyingi na ni rahisi. Presha pia inunue huko ukiwa na muda wa kuikagua. Chungu usibebe, kitavunjikia kwenye basi. Subiri ufike.