Swali la lugha: Memori ipi imejaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Laptopu yangu ilikuwa na mfumo wa Windows 10. Niliposikia muda wake umekwisha, nikaipeleka kwa fundi ikapigwa Windows 11. Tangu siku hiyo imekuwa nzito kama gogo. Hata sijafungua kitu, inaonesha kumbukumbu imetumika asilimia 78. Fundi anasema memori imejaa, nifute picha na video. Mwanangu aliye chuo anasema si memori, ni window inakula ramu. Nataka kumwandikia bosi barua ili irekebishwe na sipendi kuandika Kiswahili kibovu. Nani kati yao amesema sawa? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao amesema sawa. Fundi wako hakusema sawa, na kabla hujamaliza kusoma aya hii nakuomba usifute picha hata moja.

Nianze na lililo jepesi. Wapo watakaokwambia kwamba "inakula ramu" ni lugha ya kijiweni. Waache. Gari linakula mafuta, nauli inakula mshahara, mfanyabiashara anakula hasara na waziri anakula kiapo. Kitenzi kula kilibeba mizigo mizito kuliko huo kabla kompyuta haijazaliwa. Nina shaka moja tu: kilicholiwa hakirudi, na ramu, yaani kile kipande cha kompyuta kinachoshika kazi kwa muda ikiendelea, hurudi ukifunga programu. Ndiyo maana kwenye barua ya ofisi ningeandika "inachukua" au "inashika". Barazani na kwenye daladala, kula kunatosha. Hata "kupiga window" sina ugomvi nako. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Na Windows nayo ipigwe.

Ugomvi wangu ni "memori imejaa".

Sentensi hii imenichosha kwa miaka mingi. Mjini hapa memori ni nini? Muulize yeyote aliyekua na simu za batani. Ni ile kadi ndogo kama ukucha, unaichomeka kwenye simu, unampelekea kijana mwenye kompyuta kibandani akujazie nyimbo. Nyimbo zikizidi, memori imejaa, unafuta chache. Sentensi ilikuwa na maana moja na kila mtu aliielewa. Kisha mafundi wakaibeba ilivyo, wakaipeleka kwenye kompyuta, wakaitumia kwa kila ugonjwa. Diski, yanapokaa mafaili na picha, haina nafasi: memori imejaa. Ramu haitoshi: memori imejaa. Ni sawa na daktari mwenye neno moja tu, "tumbo", kwa ini, kwa figo na kwa utumbo, halafu anashika kisu.

Kisu hicho kimenipitia. Miaka kadhaa iliyopita laptopu yangu ilianza kustaki baada ya kuwekewa mfumo mpya. Fundi mmoja wa Kariakoo, amesimama vilevile, mkono mmoja kwenye simu, akaniambia, "Mzee, memori imejaa, futa vitu vizito." Vitu vizito nilivyokuwa navyo vilikuwa sauti: saa nyingi za wazee wa pwani wakinitajia viungo vya jahazi, mkuku, mlingoti, foromali, demani, kila mmoja kwa matamshi ya kwao. Nikafuta nikiamini nakala iko kwingine. Haikuwepo. Kompyuta ikabaki nzito kama ilivyokuwa.

Fundi wa pili alikuwa kijana mpole. Aliigeuza, akafungua parafujo kwa bisibisi ndogo, akachomoa kipande chembamba chenye urefu wa kidole, upande mmoja kina meno ya rangi ya dhahabu. Akayasugua meno yale taratibu kwa kifutio cha mwanafunzi, akapuliza vumbi, akakirudisha mahali pake mpaka kikalia. Pembeni kulikuwa na nafasi tupu, akachomeka cha pili. "Ulikuwa na ramu ya GB 4 tu, mzee. Mfumo huu ukikaa wenyewe, wewe huna pa kukaa." Kompyuta ikawaka, ikaenda mbio. Wawili kati ya wazee wale wameshatangulia mbele ya haki, na sauti zao zikitamka "foromali" sinazo tena. Kwa hiyo anayeniambia maneno ni maneno tu mradi tumeelewana, namjibu kwamba mimi na yule fundi hatukuelewana, na neno ndilo lililotudanganya.

Sasa utasema, basi tuliache la Kiingereza tuseme "kumbukumbu", kama ulivyosema mwenyewe kwenye swali lako. Hapo, mama, tunaruka majivu tukakanyage moto.

Kumbukumbu limetoka kwenye kumbuka, likajirudia kama maneno yetu ya Kibantu yanavyopenda kujirudia. Asili yake haina zaidi ya hapo. Litazame linakoishi. Mkutano ukiisha, katibu anaandika kumbukumbu. Barua ya serikali juu kabisa ina "Kumb. Na." ili miaka 20 baadaye mtu aikute kwenye jalada. Masijala kuna watunza kumbukumbu, na tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Kanisani kuna Kumbukumbu la Torati (hilo "la" niulizeni siku nyingine). Kila tarehe 14 Oktoba tunafanya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki siku hiyo mwaka 1999. Na ni tarehe hiyohiyo, mwaka 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, jambo lililokupeleka wewe kwa fundi. Kote huko, kumbukumbu ni kitu kilichowekwa ili kibaki.

Ukitaka kuiona kumbukumbu kwa macho, panda gari mpaka Posta, Dar es Salaam, ukamtazame yule Askari wa sanamu kwenye mzunguko. Yuko pale tangu 1927, ameshika bunduki yake yenye singe, kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtazame vizuri. Waliomsimamisha wameondoka, bendera imebadilishwa, maghorofa yamemzunguka pande zote, masika karibu 100 yamempiga utosini. Umeme ukikatika katikati ya jiji, taa zote zikazimika, yule Askari hashuki kwenye jiwe lake. Umeme ukirudi, humkuti ameduwaa anauliza bunduki alikuwa ameielekeza wapi. Yupo vilevile, mguu uleule mbele. Hiyo ndiyo kumbukumbu, na Mswahili yeyote anaijua hata kama hajawahi kushika kamusi.

Ramu je? Umeme ukikatika, ramu haibaki na chochote. Yeyote aliyewahi kuandika kwenye kompyuta ya mezani bila kuhifadhi anajua: umeme unakwenda, unarudi, na aya zake tatu haziko popote. Ramu haikuharibika, ndivyo ilivyotengenezwa, kushika vitu kwa muda kazi ikiendelea na kuviachia vyote mashine ikizimwa. Kifaa kinachosahau kila siku, sisi tumekipa jina la sanamu ya Askari!

Najua watakaonijia na "mgonjwa amepoteza kumbukumbu". Ni kweli, tunasema hivyo. Lakini hata mgonjwa huyo, kinachotusikitisha ni kwamba amesahau vilivyokaa kichwani miaka mingi: jina la mkewe, kijiji alikozaliwa. Hakuna anayempeleka mtu hospitali kwa kuwa amesahau bei ya nyanya aliyoisikia asubuhi.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba lugha ilikwishamaliza kazi yake, sisi ndio hatusikilizi. Tunaulizana kila siku ofisini, "Umehifadhi?" Neno lilitoka Uarabuni, likazaa hafidhi, yule aliyeishika Kurani yote moyoni, na likatupa hifadhi za wanyama kama Mikumi, ambako tembo hawaondoki taa zikizimwa. Ukihifadhi kazi yako, unaitoa kwenye ramu unaiweka kwenye diski. Basi diski ni hifadhi. Simu ya Android ukiiweka kwa Kiswahili itakuonesha neno hilohilo. Hifadhi ikijaa, sema hifadhi imejaa, na hapo fundi akikwambia ufute picha atakuwa na hoja.

Mfikirie fundi cherehani. Kabati lake lina majora ya vitambaa, na mbele yake kuna meza ya kukatia. Kabati ni hifadhi, meza ni ramu. Wewe umemletea cherehani mpya, kubwa, ambayo ikikaa tu, hata haijashona, imemaliza nusu ya meza. Anaanza kukunja vitambaa, anatandika kimoja anaondoa kingine, kazi inakwenda kwa shida. Sasa ukimwambia atupe majora ya kabatini, meza itapanuka kwa upana gani? Picha zako, mama, ziko kabatini.

Cherehani yenyewe imekua kwelikweli. Windows XP ya mwaka 2001 iliomba ramu ya MB 64 kwa uchache. Windows 11, iliyotoka 2021, inaomba GB 4, yaani MB 4,096, mara 64 ya ile, na hicho ni kiwango cha kuingilia mlangoni tu, si cha kukaa kwa raha. Tena siku za mwanzo baada ya kupandishwa, mfumo una shughuli zake nyumanyuma: unaorodhesha upya mafaili yako, unashusha masasisho (neno zuri, limetoka kwenye "sasa"). Ipe siku chache uone kama hiyo asilimia 78 itapungua. Kabatini nako mfumo wa zamani huachwa kwa muda kwenye folda inayoitwa Windows.old, ukitaka kurudi ulikotoka, na hiyo inachukua nafasi kubwa. Ila hiyo ni hifadhi, tusiichanganye tena.

Basi ramu tuiiteje? Ramu. Ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yanayosema kompyuta inaweza kuchota popote bila kupanga foleni, na mafundi wetu wameshaliongezea irabu mwishoni likakaa kwenye ngeli yake bila kumsumbua mtu: ramu hii, ramu hizi. Wapo wanaolikataa kwa kuwa ramu ni pombe. Mbuzi naye ni mnyama, na mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi, na sijasikia jikoni popote mtu amekalia mnyama akakuna nazi.

Sisemi hivi kwa kuwa naogopa maneno mapya. Sensa ya 2022 ililitembeza neno kishikwambi mpaka vijijini, na leo walimu wanalitamka bila kujikwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kututolea Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Akitokea mtu na neno zuri la ramu lenye harufu ya meza ya kazi ndani yake, nitakuwa wa kwanza kulitumia. Kwa sasa ramu inatosha. Na najua "kumbukumbu" limeshaingia kwenye vitabu vya shule, siwezi kupita darasa kwa darasa kulifuta. Anayelishikilia naomba aongeze maneno mawili, aseme "kumbukumbu ya muda". Nitakunyamazia, ingawa roho haitapenda.

Memori ibaki kwenye kadi ya simu, ilikozaliwa.

Kwa bosi wako andika hivi: "Baada ya kompyuta yangu kuwekewa Windows 11, mfumo peke yake unachukua sehemu kubwa ya ramu, hivyo programu za kazi zinakwama. Hifadhi bado ina nafasi. Naomba niongezewe ramu." Kabla hujaandika sentensi ya pili, hakikisha kwanza kwenye kioo kwamba nafasi ipo kweli. Na kwenye ya tatu taja kiwango unachotaka, tuseme kutoka GB 4 hadi 8, ili afisa manunuzi asije akakuletea memori kadi.