Mtaa wenu ukibadilishiwa matumizi, soma jedwali kabla ya kugombana na ramani

Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi ya mtaa wetu lilibandikwa kwenye nguzo, nami nikalipita siku tatu bila kulisoma. Nilikuwa nimepanga ghorofa ya kwanza. Chini yangu palikuwa na karakana ya seremala, ng'ambo ya barabara shule ya chekechea, na katikati ya hayo yote nyumba za familia. Niliposikia tunafanywa eneo la biashara, nilikimbilia mkutanoni na hoja moja tu: hapa watu wanaishi. Tulipaza sauti sana jioni ile, na mchoro haukubadilika hata mstari mmoja.

Kosa letu lilikuwa kugombania jina. "Makazi", "biashara" na "mchanganyiko" ni rangi kwenye ramani. Kinachoamua kama utalala usiku kimo kwenye jedwali la matumizi linaloambatana na ramani hiyo: kipi kinaruhusiwa moja kwa moja, kipi kinahitaji kibali maalumu, kipi kimekatazwa. Humo ndimo nilimokuta, nikiwa nimeshachelewa, kwamba kumbi za starehe zimewekwa kwenye fungu la kuruhusiwa moja kwa moja. Tungeomba tu zihamishiwe kwenye kibali maalumu, kila mwombaji angelazimika kueleza anafunga saa ngapi, na majirani wangesikilizwa kabla hajafungua.

Kwa hiyo nakusihi, omba jedwali hilo na kanuni za ujenzi kabla ya siku ya mkutano. Angalia urefu wa majengo, umbali kutoka mpakani, saa za kupakua mizigo. Kifungu cha maegesho wengi hukiruka, na hapo ndipo wadogo wanapoumia: ukidaiwa nafasi nyingi za magari, kiwanja chako kidogo hakitoshi hata kwa duka la chumba kimoja, wakati mwenye viwanja vitano anamudu bila taabu.

Ninapoambiwa nyumba na biashara havikai pamoja, huwa nataja Japani. Huko kuna aina 13 za maeneo ya matumizi ya ardhi, na hata kwenye eneo la makazi lenye masharti makali kuliko yote, baadhi ya maduka madogo yanaruhusiwa ndani ya nyumba ya mtu, mradi sehemu ya duka isizidi mita za mraba 50 wala isifike nusu ya jengo. Ona kwamba wametumia kipimo. Afisa mipango miji anaweza kuandika "mita za mraba 50" kwenye kanuni. "Tunataka utulivu" hana pa kuiandika.

Yaliyompata seremala yananiuma hadi leo. Aliambiwa karakana yake haitaguswa kwa kuwa ilikuwepo kabla ya mpango mpya, na kweli sheria nyingi hulinda matumizi yaliyotangulia. Lakini mara nyingi ulinzi huo una masharti: usipanue, wala usisimamishe kazi kupita muda uliotajwa. Aliugua, akafunga karibu mwaka mzima. Aliporudi, haki yake ilikuwa imekwisha. Kama una biashara ya namna hiyo, uliza muda huo ni miezi mingapi na upewe jibu kwa maandishi. Tunza leseni, risiti za umeme na picha zenye tarehe, zionyeshe ulianza lini na kwamba hujakoma.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Barua za taarifa mara nyingi huenda kwa wenye viwanja, kwa hiyo mpangaji huja kujua siku anapopewa notisi ya kuhama. Piteni mlango kwa mlango mapema. Pingamizi liandikwe ndani ya siku zilizotangazwa, litaje kifungu, na liweke maneno mnayotaka yawe badala yake. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mpango ulipofanyiwa mapitio, tulifanya hivyo, kaya 14. Upakuaji wa mizigo ukazuiwa kabla ya saa moja asubuhi, na kumbi za starehe zikahamishiwa kwenye kibali maalumu. Ukumbi uliokuwa umeshafunguliwa jirani na chekechea ulibaki palepale, maana nao sasa unalindwa kama matumizi yaliyotangulia.