Fyuzi haifi bure

Wiki hii barua takriban zote ni za pawasaplai za transfoma, zile nzito za zamani zinazogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo. Nimechagua nne.

*Fundi, pawasaplai yangu ya volti 12 kila nikiitia fyuzi mpya inaungua pale pale. Tano zimeshakwenda. Jirani ananambia nitie waya tu. (Fuoni)*

Usitie waya, yakhe. Fyuzi imekufa ili transfoma ipone; ukitia waya, maiti ya pili ni transfoma, na ya tatu huenda ikawa godoro.

Tafuta shoti. Chomoa plagi, kisha imalize chaji ya kapasita kubwa kwa resista ya kilo-omu moja, wati 5. Wanaotumia bisibisi nawaona kila siku, na bisibisi zao zimeliwa ncha. Halafu weka mita kwenye alama ya daiodi, upime moja moja zile nne za daraja, yaani zinazogeuza umeme wa mawimbi uende upande mmoja tu. Nzima husoma baina ya 0.5 na 0.7 upande mmoja, ukigeuza ncha za mita haisomi kitu. Inayosoma sifuri pande zote mbili ishuku, lakini usiihukumu kabla hujaing'oa mguu mmoja: koili ya transfoma inaziunga daiodi mbili mbili, na nzima husingiziwa ubovu wa mwenzake.

Ukishabadilisha, usiwashe kavu kavu. Pitisha laivu kwenye globu ya nyuzi ya wati 60 kwanza. Ikimulika mara moja ikafifia, umepona. Ikiwaka ikang'ang'ania, chomoa, shoti ingalimo. Globu hizo siku hizi ni za kutafuta, ila ya LED haifai kwa kazi hii.

*Assalamu alaykum. Redio yangu kwa betri inasema vizuri, kwa pawasaplai inavuma kama nyuki. (Wete)*

Waalaykum salaam. Kapasita imekauka. Umeme wetu ni hezi 50, daraja linalitumia kila wimbi pande zote mbili, kwa hivyo unachosikia ni mvumo wa hezi 100. Kapasita ni kama pipa la maji nyumbani: mfereji unatoka kwa vipindi, nyinyi mnachota wakati wowote. Pipa likipungua, vipindi vinaanza kuonekana.

Iliyovimba kichwa ni mbovu bila ya kuuliza, lakini hata yenye kichwa bapa inaweza kuwa imekauka ndani. Kama iliyopo ni mikrofaradi 4700 ya volti 25, nunua hiyo hiyo au ya volti 35. Ya volti 16 usiiguse hata ukipewa bure. Mstari wa pembeni ni upande wa hasi. Ukiitia kinyume itakupasukia usoni.

*Yangu ilikuwa inatoa volti 13.8, sasa inatoa 20. Nifungie redio koli hivyo hivyo? (Nungwi)*

Hasha! Transista ya nguvu, ile inayozuia volti zisizidi, agh'lab 2N3055, imeshika shoti baina ya kolekta na emita, yaani pa kuingilia umeme na pa kutokea, basi volti za kwenye kapasita zinapita zote bila ya kizuizi. Redio koli itaungua.

Ukiibadilisha, kumbuka kwamba mwili wake wa chuma ndiyo kolekta. Baina yake na bati la kupozea lazima kikae kipande cha mika, kimepakwa grisi nyeupe pande zote mbili. Mimi niliwahi kufunga skrubu zote, nikawasha, fyuzi ikaruka. Nikasaka shoti siku mbili nzima, kumbe mika ilikuwa imenata chini ya kikombe changu cha chai.

*Mjomba kaniletea pawasaplai kutoka Marekani. Niliichomeka, ikatoa harufu, ikazima. (Mkoani)*

Kule ni volti 120, kwetu 230. Angekuletea kutoka Muscat pasingekuwa na taabu. Tazama nyuma kama ina swichi ya 115 na 230, ingawa ulipaswa kuitazama kabla. Ikiwa imechomolewa na swichi yake imewashwa, pima omu baina ya miguu ya plagi. Isiposoma kitu, tazama fyuzi kwanza, kisha funua karatasi ya juu ya transfoma: mara nyingi pana fyuzi ya joto imefichwa hapo, kama punje ya mpunga yenye waya mbili. Ikiwa iliyokatika ni hiyo peke yake, una bahati. Ikiwa koili imekuwa nyeusi, muuzie mnunua shaba.