Mbwa amelegea, hali chakula na ana kupe: angalia ufizi na upime joto kabla ya kununua dawa

Mkuu, umesema ni dume la German Shepherd, mwaka mmoja na nusu, kilo 30 hivi, chanjo zote kapata. Leo ni siku ya tatu hajagusa chakula, amelegea, hatapiki wala haharishi, na wiki mbili zilizopita ulimtoa kupe masikioni. Wachangiaji wamekupa majibu matatu: parvo, minyoo, na "mchome OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano ya ng'ombe), mpe na Panadol ashushe homa". Kwa maelezo hayo mimi naanza na homa ya kupe.

Parvo weka mwisho wa foleni. Ni ugonjwa wa virusi unaoshika zaidi watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6 ambao hawajakamilisha chanjo, na huja na kutapika kusikokoma na kuhara damu yenye uvundo wa aina yake. Minyoo nayo humdhoofisha mbwa mkubwa polepole, haimwangushi ghafla namna hiyo. Kupe wa wiki mbili zilizopita ndiye wa kutazamwa, kwa sababu vijidudu vya homa ya kupe viitwavyo Ehrlichia huchukua siku 8 hadi 20 kabla mbwa hajaonyesha dalili. Kumtoa kupe leo hakufuti alichokwisha kuacha kwenye damu.

Sasa mchunguze. Inua mdomo wa juu, tazama ufizi mahali pasipo na rangi nyeusi. Unatakiwa uwe wa waridi na uwe na unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pageuke peupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri au amekaukiwa maji. Ufizi uliopauka maana yake damu imepungua. Wa njano, ini lina shida au chembe nyekundu za damu zinavunjwavunjwa. Wa bluu au zambarau, hewa haitoshi, na hapo huna muda wa kusoma uzi huu, mpeleke. Tafuta pia vidoadoa vyekundu kama vya sindano kwenye ufizi na kwenye ngozi ya tumbo chini, pale pasipo na manyoya. Vidoa hivyo ni damu inayovuja kwa sababu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka, na mbwa mwenye homa ya kupe huvionyesha mara nyingi.

Halafu joto. Pua kavu au ya moto si kipimo, achana nayo. Chukua kipimajoto cha kidijiti cha duka la dawa, kipake Vaseline, kiingize sentimita 2 hadi 3 kwenye njia ya haja kubwa, mtu mwingine akiwa ameshika kichwa. Joto la mbwa mzima ni kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo 38.8 inayomtisha mtu aliyezoea kupima watoto wake ni hali ya kawaida kabisa. Kuanzia 39.5 ni homa. Ikivuka 40.5 ni dharura, na ikishuka chini ya 37.5 kwa mbwa aliyelegea ni mbaya zaidi kuliko homa yenyewe. Hesabu na pumzi akiwa amelala kivulini: 10 hadi 30 kwa dakika.

Papasa tezi: chini ya taya, mbele ya bega, nyuma ya goti. Zikiwa zimevimba pande zote mbili kwa pamoja, mwili unapambana na kitu kilichoenea. Mwisho, na hiki watu hukisahau, mtoe nje asubuhi umtazame akikojoa. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au mwekundu unakupeleka kwenye ugonjwa mwingine, si Ehrlichia, na dawa yake ni tofauti.

Tunaposema homa ya kupe kwa mbwa tunachanganya magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni Ehrlichia, bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe, wanaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Dalili ni homa, kukataa chakula, tezi kuvimba, vidoadoa, wakati mwingine damu puani. La pili ni Babesia, vimelea vinavyopasua chembe nyekundu: ufizi hupauka haraka, mkojo huwa mwekundu, macho na ufizi vinaweza kuwa vya njano. Wafugaji wa ng'ombe wanaujua mkojo mwekundu. Huyu ni ndugu yake wa upande wa mbwa. Aina inayoitwa Babesia rossi, ambayo ni ya huku Afrika, huua ndani ya siku chache. Na mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Ndiyo maana kipimo cha damu kina thamani kuliko ubishi wetu. Mwambie daktari wa mifugo achukue tone la damu kwenye ncha ya sikio, aipake kwenye kioo, aitazame kwa darubini. Babesia huonekana vizuri kwa njia hii. Ehrlichia huonekana kwa nadra, kwa hiyo kioo kisafi hakimwondolei shaka. Hapo hesabu ya chembe sahani ndiyo inayosema. Kioo hichohicho kinaweza kuonyesha vimelea vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa wanaoishi karibu na mapori yenye wadudu hao. Mbwa wa nagana mara nyingi jicho lake hugeuka la ukungu wa bluu, na mwenyewe hudhani limepigwa.

Dawa. Kwa Ehrlichia ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 28. Kwa mbwa wa kilo 30 ni miligramu 300, yaani kapsuli 3 za 100 kila siku, kapsuli 84 kwa dozi nzima. Usikisie uzito: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Zitolewe pamoja na chakula, si tumbo tupu, na baada ya hapo anywe maji, kwa sababu kapsuli ikikwama kooni huchoma na kuacha kidonda. Usizitoe na maziwa.

Kosa kubwa liko hapa. Mbwa wa Ehrlichia akianza dawa hubadilika ndani ya saa 24 hadi 48: anasimama, anakula, anabweka getini. Mwenye mbwa anaona amepona, siku ya tano anaacha. Wadudu waliobaki hujificha kwenye bandama, na miezi baadaye ugonjwa unarudi ukiwa umeshambulia uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Hatua hiyo mbwa anatoka damu puani, amekonda, amepauka, na wengi hawarudi. German Shepherd ndio wanaoumia zaidi kwenye hatua hiyo, kwa hiyo wewe hasa usikatishe. Sindano moja au mbili za OTC ya ng'ombe zinazaa matokeo yaleyale: homa inashuka, ugonjwa unabaki.

Ikipita siku ya tatu ya doksisaiklini bila mabadiliko, au mkojo ukawa mwekundu, fikiria Babesia. Doksisaiklini haimalizi Babesia rossi. Inatakiwa sindano ya imidokabu, miligramu 6.6 kwa kilo, inayorudiwa baada ya wiki 2. Inauma na humfanya mbwa adondoshe mate na kutapika, hivyo daktari humtangulizia atropini. Wengine hutumia diminazini, ile ya pakiti za unga wa njano wa ng'ombe, miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja tu. Ukiichanganya ikawa asilimia 7, mbwa wa kilo 20 anahitaji mililita 1. Nimeandika hesabu hiyo muone jinsi kiasi kilivyo kidogo, si kwamba mkachome nyumbani. Ikizidi, au ikirudiwa karibukaribu, huvujisha damu kwenye ubongo; mbwa huanza kupepesuka na kupinda shingo siku moja au mbili baadaye, na watu husema "kumbe alikuwa na kichaa". Mbwa aliyepauka sana anahitaji kuongezewa damu kutoka kwa mbwa mwingine, jambo linalowezekana kwenye baadhi ya kliniki za mijini.

Kuhusu Panadol: hapana. Ibuprofeni na diklofenaki ndiyo kabisa. Kidonge kimoja cha ibuprofeni ya 400 kwa mbwa wa kilo 10 kinaweza kumtia vidonda vya tumbo, na mbwa wa homa ya kupe ambaye damu yake haigandi vizuri akipata kidonda cha tumbo, amekwisha. Homa ishushe kwa kivuli, sakafu baridi na kitambaa cha maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo.

Kama anakunywa, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kidogokidogo, kila baada ya dakika kadhaa. Kama anatapika kila anachomeza, acha kumlazimisha kwa bomba la sindano, maji yataingia mapafuni. Huyo anahitaji dripu.

Ukimtibu mbwa ukaacha banda, umefanya nusu ya kazi. Kupe wa kahawia si kama wa ng'ombe anayesubiri majanini. Anamaliza maisha yake yote nyumbani kwako: hushuka kwa mbwa, hupanda ukutani, hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa na chini ya mbao za banda. Ziba nyufa kwa saruji, choma matandiko ya magunia, nyunyiza dawa ya kupe kwenye kuta hadi juu na urudie baada ya wiki 2, kwa kuwa mayai huwa hayafi. Mbwa mwenyewe, kama mfuko unaruhusu, mpe vidonge vya kutafuna vya kuua kupe, vya mwezi mmoja au wiki 12, ila si kwa mbwa mwenye historia ya degedege. La bei nafuu ni amitrazi ya asilimia 12.5: mililita 2 kwa lita 1 ya maji, mpake mwili mzima ukikwepa macho, aachwe akauke bila kusuuzwa. Vaa glovu, fanyia mahali penye upepo. Watoto chini ya miezi 4, majike wenye mimba na paka wasiguswe. Mbwa akilala usingizi mzito na kupepesuka baada ya kuoga, dawa ilizidi. Msuuze kwa sabuni na umkimbize kwa daktari.

Mafuta ya taa na oili chafu ya gari viacheni. Vinachoma ngozi, na mbwa hujilamba. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe nayo ina miligramu 10 kwa kila mililita. "Mchome tu mililita moja" kwa kambwa ka kilo 5 ni dozi ya kumpofusha. Collie na jamii yake wengi hawaivumilii hata kwa kiasi kidogo.

Mdau aliyeuliza kuhusu watoto wa mbwa wake waliokufa kwa parvo ingawa walichanjwa mara moja: kinga ya mama inayobaki kwenye damu huizuia chanjo kufanya kazi, na huisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo maana huanzwa wiki ya 6 hadi 8, kurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Usilete mtoto mpya kwenye banda hilo mwaka huu. Sakafu ioshe kwa sabuni kwanza, kisha Jik, kikombe 1 kwa vikombe 20 vya maji, ikae dakika 10. Kwenye udongo hakuna dawa inayofaa, jua tu na muda.

Na yule wa mbwa anayedondosha mate, taya limelegea, "kama amekwama mfupa": usiingize mkono. Kichaa cha mbwa kinaweza kuja hivyohivyo, mbwa mpole asiyeng'ata mtu. Mfungie, mwite daktari wa mifugo wa wilaya, na kila aliyeguswa na mate kwenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali leohii kuanza sindano.