Nora Roberts hakubahatika tu

Dada, umeuliza kama Nora Roberts alitajirika kwa bahati tu na hizo riwaya zake za mahaba. Hapana kabisa. Februari 1979 theluji ilimfungia ndani huko Maryland, Marekani, na wanawe wawili wadogo. Chekechea imefungwa, chokoleti inakaribia kwisha, watoto hawatulii. Akachukua daftari na penseli, akaanza kuandika kisa kilichokuwa kikimzunguka kichwani. Miswada yake ya mwanzo ilikataliwa. Harlequin, wachapishaji wa riwaya za mahaba, walimjibu kwamba mwandishi wao Mmarekani wanaye tayari. Hebu fikiria kuambiwa hivyo! Silhouette, kampuni iliyoanza 1980, ndiyo iliyompokea, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1981. Leo amevuka riwaya 200. Tangu 1995 anatumia pia jina J.D. Robb kwenye hadithi za upelelezi, maana alikuwa akiandika haraka kuliko wachapishaji walivyoweza kutoa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: anakaa mezani, anaandika, siku baada ya siku. Na mapenzi kwenye riwaya zake yana joto kwa sababu wahusika hutaniana, hugombana na kucheka kabla hata hawajafika chumbani.